Kusomea ufundi sanifu wa mifugo Uganda: mwongozo kamili kuanzia masomo ya sekondari hadi kazini

Kazi ya kila siku ya afya ya mifugo Uganda haifanywi na madaktari peke yao. Kuchanja, kupima homa, kuhasi, kuogesha dhidi ya kupe, kuhimilisha ng'ombe (kuwatia mbegu kwa mrija badala ya dume) na kukagua nyama machinjioni, sehemu kubwa iko mikononi mwa mafundi sanifu wa mifugo, wale ambao wafugaji wengi huwaita paraveti au daktari tu. Mwongozo huu ni wa kijana anayetaka kuingia kazi hiyo, na wa mzazi anayetaka kujua ada yake inanunua nini.

Tunaanza na jambo ambalo matangazo ya vyuo hayalisemi: kazi hii hupimwa mbele ya mnyama aliye hai. Mfugaji atakuona ukimkamata ndama, atakuona ukivuta dawa kwenye bomba la sindano, na kesho yake ataona kama ndama amesimama. Kwa hiyo karibu kila ushauri ulio hapa chini unarudi kwenye swali moja: je, hatua hii itakupa mikono inayojua kazi, au itakupa karatasi tu?

Ujue kwanza mpaka wa kazi

Daktari wa mifugo husoma shahada ya miaka 5 katika Chuo Kikuu cha Makerere, kwenye koleji ya tiba ya mifugo inayojulikana kama COVAB, kisha husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Uganda. Fundi sanifu husoma cheti au diploma, kwa kawaida miaka 2, na hufanya kazi chini ya usimamizi wa daktari. Huko mashambani daktari anaweza kuwa umbali wa saa mbili kwa bodaboda, lakini usimamizi haufutiki kwa sababu ya umbali. Uwe na namba yake ya simu, na umpigie kabla ya kufanya jambo lisilo lako.

Yaliyo yako ni haya: kumpima mnyama na kuandika unachokiona, kuchukua sampuli, kutoa dawa ulizoelekezwa, kuchanja, kufunga vidonda, kukata kwato, kuhasi, kusaidia uzazi wa kawaida, kumshauri mfugaji juu ya lishe na usafi. Yasiyo yako ni upasuaji mkubwa kama wa kumtoa ndama kwa kupasua tumbo, kuandika dawa kwa jina lako mwenyewe, na kutia saini hati ya afya ya mifugo inayosafirishwa.

Kuna jambo la tatu ambalo wengi hulisahau. Magonjwa kama miguu na midomo, kimeta, homa ya mapafu ya ng'ombe na kichaa cha mbwa ni ya kutoa taarifa kisheria. Ukiyashuku, kazi yako ya kwanza ni kumpigia afisa mifugo wa wilaya, halafu ndiyo mengine yafuate. Fundi anayemtibu kimyakimya ng'ombe mwenye udenda na malengelenge mdomoni, ili asimkasirishe mfugaji anayeogopa karantini, anaueneza ugonjwa hadi mnada unaofuata.

Tahadhari moja kuhusu kozi za mtandaoni. Marekani wana mfumo wao: chuo kilichothibitishwa na chama chao cha madaktari wa mifugo, AVMA, kisha mtihani wa VTNE, kisha leseni ya jimbo. Ni mfumo mzuri kwao, na vitabu vyao vya kuhudumia wagonjwa vinafaa kusomwa. Ila cheti cha mtandaoni kisichokuweka mbele ya ng'ombe hata mmoja hakikufungulii ajira ya wilaya hapa.

Masomo ya sekondari

Ukiwa kidato cha chini, shikilia Baiolojia, Kemia, Hesabu na Kilimo. Fizikia nayo husaidia, na Kiingereza usikipuuze kwa kuwa ndicho lugha ya mitihani na ya lebo za dawa. Cheti huanzia UCE, mtihani wa kidato cha nne. Kwa diploma, kiwango cha kawaida ni UACE, mtihani wa kidato cha sita, yenye angalau prinsipo pasi moja (kufaulu kamili) na sabsidiari mbili (kufaulu kwa kiwango cha chini) katika masomo ya sayansi yanayohusika, zote zikiwa za mtihani wa kikao kimoja. Mwenye cheti kizuri cha kilimo au mifugo naye hupokelewa kwenye diploma bila UACE. Kwa waliofanya UCE ya mtaala mpya, ambayo matokeo yake hutolewa kwa herufi A hadi E tangu mtihani wa 2024, kiulize chuo kinasomaje herufi hizo, maana matangazo mengine bado yameandikwa kwa mfumo wa zamani wa namba.

Usikate tamaa kwa sababu alama zako hazikutosha kwenda moja kwa moja diploma. Njia ya cheti, kazi kidogo, kisha diploma ni ndefu zaidi, lakini anayeipitia hufika darasa la diploma akiwa tayari anajua kumlaza ng'ombe. Huyo hufundisha wenzake.

Kuchagua chuo

Chuo cha Kilimo cha Bukalasa, karibu na Wobulenzi wilayani Luweero, kimekuwepo tangu 1920 na kinafundisha uzalishaji wa mifugo. Arapai, nje ya mji wa Soroti, ambacho sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema, kinafaa hasa kwa anayetaka kufanya kazi Teso, Karamoja au Lango. Makerere kupitia AFRISA, taasisi iliyo chini ya COVAB, imekuwa ikitoa mafunzo ya stadi za mifugo kwa ngazi za chini ya shahada. Vipo na vyuo binafsi, vingine vizuri, vingine ni vyumba viwili na bango.

Kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu, hakikisha kozi yenyewe, si chuo tu, inatambuliwa na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu (NCHE) au na mamlaka ya mafunzo ya ufundi inayohusika, na uulize mtihani wa mwisho unatungwa na bodi gani. Chuo kinaweza kuwa halali na kozi yake ya mifugo ikawa bado haijaidhinishwa. Hapo ndipo wanafunzi hupotezea miaka miwili.

Kisha nenda ukakione. Fika siku ya kazi, asubuhi, saa ya kukamua au ya kuogesha, usiende siku ya wazi. Tazama kibanio cha ng'ombe: kama mbao zimelainika kwa kusuguliwa na ubavu wa wanyama na chini kuna mbolea mbichi, kinatumika, kama nyasi zimeota ndani, mazoezi yanafanyikia ubaoni. Uliza wanafunzi wa mwaka wa pili, wakiwa mbali na walimu: umechoma sindano mara ngapi kwa mkono wako? Umewahi kuona vimelea kwenye darubini au umeoneshwa picha? Wanafunzi wangapi hushirikiana ng'ombe mmoja siku ya mazoezi? Wakiwa ishirini, wawili watagusa na kumi na wanane watatazama. Tunashauri uchague chuo chenye majengo ya kawaida na kundi la mifugo linaloshughulikiwa kila siku, ukiache chenye maabara ya kompyuta na mbuzi watatu.

Omba pia orodha ya gharama zote kwa maandishi. Ada ya masomo ni sehemu tu. Kuna ada ya mitihani, bweni, safari za mashambani, na miezi ya mafunzo kazini ambayo nauli na chakula vitatoka mfukoni mwako.

Vifaa vyako mwenyewe

Nunua vichache vilivyo bora: ovaroli mbili (moja ikiloweshwa, nyingine inavaliwa), gambuti za mpira, kipimajoto cha mifugo, stetoskopu, utepe wa kupimia wa sentimita, kamba laini ya pamba ya mita 8 hivi, kalamu ya risasi na daftari gumu. Ongeza glovu ndefu za kufika begani ukianza mafunzo ya uzazi. Darubini na vifaa vya uhimilishaji ni vya chuo, usivinunue sasa.

Mwaka wa kwanza: mikono kabla ya dawa

Kumkamata mnyama ndio msingi, na ndio sehemu ambayo wanafunzi hukimbilia kuivuka. Ng'ombe hupiga teke kwa kuzungusha mguu mbele na pembeni, kwa hiyo kusimama pembeni ya paja si salama kama kunavyoonekana. Mkaribie kutoka ubavuni kwenye bega, akikuona, ukizungumza kwa sauti ya kawaida, na uweke mkono mgongoni kabla ya kugusa sehemu inayouma. Kuinua mkia wima kutoka kwenye shina lake hupunguza mateke. Ukiukamata nchani na kuupinda utauvunja. Nguruwe mkubwa hushikwa kwa kitanzi kwenye taya la juu, nyuma ya meno ya chonge, naye atavuta kinyumenyume, basi muache avute. Mbwa, hata awe wa jirani unayemjua, mfunge mdomo kwa bendeji kabla ya kugusa kidonda: kitanzi juu ya pua, mizunguko chini ya taya, fundo nyuma ya masikio.

Baada ya kukamata, pima. Jifunze namba hizi mpaka zitoke bila kufikiri. Ng'ombe mzima ana joto la takriban 38.0 hadi 39.3, mbuzi 38.5 hadi 39.7, nguruwe 38.7 hadi 39.8, mbwa 38.0 hadi 39.2. Kuku yuko juu ya 40 akiwa mzima kabisa, na mwanafunzi asiyejua hilo humtibu homa asiyokuwa nayo. Tumbo kubwa la ng'ombe, ukikandamiza ngumi kwenye shimo la ubavu wa kushoto, husukuma mara 1 hadi 2 kwa dakika. Lisiposukuma, kuna tatizo hata kama joto ni sawa.

Kipimajoto chenyewe kina makosa yake. Kikiingia katikati ya kinyesi kitasoma chini. Kipake mafuta au povu la sabuni, kiingize kwa kuzungusha, kisha kielekeze kiguse ukuta wa utumbo. Cha zebaki kikung'ute kwanza, nacho kikae dakika 2 hadi 3. Kifunge uzi wenye klipu na uubane kwenye nywele za mkia, la sivyo siku moja kitadondoka na kuvunjika zizini.

Hesabu za dozi

Hapa ndipo fundi mzuri hutofautiana na muuza dawa. Dawa ikiandikwa asilimia 20, maana yake kila mililita 1 ina miligramu 200. Asilimia 10 ni miligramu 100, asilimia 1 ni miligramu 10. Kanuni ni moja tu: uzito wa mnyama kwa kilo, mara dozi ya miligramu kwa kilo, gawanya kwa miligramu zilizo katika mililita moja.

Uzito usiukisie. Pima mzingo wa kifua nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka kwenye ncha ya bega hadi kwenye mfupa wa kalio, vyote kwa sentimita. Zidisha mzingo kwa mzingo, kisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Ng'ombe mwenye mzingo wa 150 na urefu wa 130:

150 × 150 × 130 = 2,925,000. Gawanya kwa 10,840, unapata kilo 270 hivi.

Sasa ameelekezwa oksitetrasiklini ya kudumu ya asilimia 20, kwa dozi ya miligramu 20 kwa kilo. 270 × 20 ni 5,400. Gawanya kwa 200, ni mililita 27. Hizo hazichomwi mahali pamoja. Zigawe sehemu tatu za mililita 9, ndani ya misuli, kwa umbali kati ya sehemu na sehemu. Ukizimimina zote mahali pamoja, msuli utaumia na kuvimba, dawa itanyonywa vibaya, na mchinjaji atakuja kukata kipande cha nyama iliyooza.

Fanya hesabu kama hii mara nyingi kwa dawa nyingine. Ivamektini ya asilimia 1 kwa miligramu 0.2 kwa kilo ni mililita 1 kwa kila kilo 50, chini ya ngozi. Albendazoli ya asilimia 10 kwa miligramu 7.5 kwa kilo ni mililita 7.5 kwa kila kilo 100, kwa mdomo, na haipewi ng'ombe aliye mwanzoni mwa mimba. Ukiona jibu lako liko mbali na lebo, simama. Kwa kawaida kosa ni asilimia iliyosomwa vibaya, kwa sababu duka limeuza chupa ya asilimia 10 badala ya ile ya 20 na chupa zinafanana.

Kuna hesabu ya pili, ya siku. Kila dawa ina muda wa kusubiri kabla maziwa au nyama haijauzwa, nao umeandikwa kwenye lebo. Muandikie mfugaji tarehe kamili kwenye karatasi. "Subiri wiki" husahaulika, tarehe haisahauliki kirahisi.

Sindano

Kwa ng'ombe, sindano ya geji 16 hadi 18 ndani ya misuli. Kwa mbuzi na kondoo 18 hadi 20. Sehemu nzuri ya misuli ni shingoni, kwenye pembetatu iliyo mbele ya bega, chini ya ukingo wa juu wa shingo na juu ya mfupa wake. Kalio la ng'ombe lina nyama ghali na mishipa mikubwa ya fahamu, liache. Choma, vuta kidogo uone kama kuna damu, kisha sukuma polepole. Damu ikionekana, toa uchome pengine: dawa ya misuli ikiingia kwenye mshipa inaweza kumwangusha mnyama papo hapo.

Badilisha sindano kati ya mnyama na mnyama. Anaplazma, yaani ndigana baridi, hupita kwenye sindano yenye damu, na fundi aliyechanja zizi zima kwa sindano moja anaweza kuondoka ameacha ugonjwa ambao haukuwepo. Chanjo zikae kati ya nyuzi 2 na 8, zisigande na zisipate jua. Kwa nchi yenye umeme wa kukatika, sanduku la barafu ni kifaa cha lazima kama sindano yenyewe. Chanjo ya mdondo wa kuku ya aina ya I-2 huvumilia joto kuliko nyingine, hutolewa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4, ndiyo maana imewafaa wafugaji wa kuku wa kienyeji.

Kupe: somo la Uganda

Kama ungepewa somo moja tu la kulimudu kabisa kabla ya kwenda Kiruhura, Isingiro, Lyantonde au Nakaseke, tungekuchagulia hili. Ndigana kali, inayoletwa na kupe wa kahawia wa masikioni, huua ng'ombe wa maziwa wa kigeni na chotara haraka sana. Na kupe sugu kwa dawa wamethibitishwa katika maeneo ya magharibi na kati ya nchi. Usugu ulitokana kwa sehemu kubwa na matumizi mabaya: dawa iliyozimuliwa kupita kiasi, maji machache, kubadilisha dawa ovyo. Baadhi ya wafugaji, wakiona dawa haifanyi kazi, wameanza kunyunyizia ng'ombe dawa za kuulia wadudu wa mazao shambani. Hizo ni sumu kwa ng'ombe, kwa anayenyunyiza, na kwa anayekunywa maziwa.

Tuchukue amitrazi ya asilimia 12.5. Lebo ya kawaida inataka mililita 2 kwa kila lita ya maji. Pampu ya lita 20 inahitaji mililita 40. Ng'ombe mkubwa anahitaji takriban lita 5 ili aloe mpaka maji yachuruzike, kwa hiyo pampu moja ni ya ng'ombe wanne. Ukimkuta mfugaji ameogesha ng'ombe kumi na watano kwa pampu moja, kila mmoja amepata lita moja na kidogo, mgongoni, na kupe aliye ndani ya sikio hajaguswa. Hapo dawa haina kosa. Muoneshe: ndani ya masikio kwanza, chini ya mkia, kati ya mapaja, kiwele, kwapa, halafu ndiyo mwili. Pima dawa kwa bomba la sindano, usitumie kifuniko cha chupa. Punda na farasi wasipate amitrazi, ni hatari kwao.

Kama yote yamefanywa sawa na kupe bado wanatembea baada ya siku mbili, usibadilishe dawa kwa jina jipya tu. Angalia kundi la kemikali kwenye lebo, kwa sababu majina matano ya dukani yanaweza kuwa kemikali ile ile. Peleka taarifa kwa daktari wa wilaya.

Darubini, na sampuli ya tezi

Ng'ombe ana joto la 41, tezi ya mbele ya bega imevimba kama yai, anahema. Unashuku ndigana kali. Kabla ya kumchoma buparvakwoni, ambayo ni dawa ghali ya ugonjwa huo, pata uhakika kama maabara iko karibu.

Safisha ngozi juu ya tezi. Ishike tezi kwa kidole gumba na vidole viwili mpaka isimame chini ya ngozi isiteleze. Choma sindano ya geji 18 katikati yake, izungushe na uisogeze mbele na nyuma mara chache bila kuitoa, kisha ichomoe. Jaza bomba hewa, unganisha na sindano, na upulizie kile kidogo kilichomo kwenye kioo safi. Tandaza kwa kioo cha pili kwa mwendo mmoja mwepesi. Kausha kwa hewa, si kwa moto. Zamisha kwenye methanoli dakika 3 hadi 5, kisha rangi ya Giemsa ya asilimia 10 kwa dakika 30, suuza taratibu, tazama kwa lenzi ya 100 yenye mafuta. Unatafuta chembe nyeupe zenye vipande vingi vidogo vya zambarau ndani yake.

Yanayoharibu kazi hii ni madogo: kioo chenye mafuta ya vidole, utando mnene mno, rangi iliyokaa mpaka ikaacha takataka zinazofanana na vimelea, na nzi. Nzi hula damu iliyo kwenye kioo kinachokauka. Funika. Andika namba ya mnyama kwa kalamu ya risasi kwenye ncha ya kioo, kwa kuwa wino wa kalamu ya kawaida hufutika ndani ya methanoli.

Uhimilishaji

Huu huusomei juujuu ndani ya diploma ukatosheka. Kituo cha taifa cha vinasaba vya mifugo kilichoko Entebbe, NAGRC&DB, kilichotokana na Sheria ya Uzalishaji wa Mifugo ya 2001, kimekuwa kikifundisha wahimilishaji, na ni stadi inayoleta kipato cha kila wiki kwenye maeneo ya maziwa. Mbegu hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Mrija huyeyushwa kwenye maji ya nyuzi 35 hadi 37 kwa sekunde 30 hadi 40, hukaushwa, na huingizwa mara moja. Ng'ombe aliyeonekana kwenye joto (akitaka dume) asubuhi huhimilishwa jioni. Wa jioni, kesho asubuhi. Mimba nyingi hupotea mahali pawili: mtungi ulioachwa ukaishiwa naitrojeni bila mtu kupima kwa kijiti, na mfugaji aliyepiga simu siku ya pili. La kwanza lako, la pili linatatuliwa kwa kumfundisha dalili.

Kujilinda

Kabla ya kuanza mazoezi, pata chanjo ya kichaa cha mbwa ya kinga: dozi mbili, siku ya 0 na siku ya 7. Ukiumwa na mbwa hata kama umechanjwa, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 kisha nenda hospitali, kwa sababu bado unahitaji dozi za ziada. Usitoe kondo la nyuma wala ndama aliyetupwa kwa mikono mitupu: brusela humwingia fundi kupitia hapo, na homa zake huja na kurudi kwa miezi. Chanjo ya brusela ya S19 ina vijidudu hai, ukijichoma nayo kwa bahati mbaya wahi kwa daktari na umwambie ni nini. Dawa ya tilmikosini ikimwingia mtu huweza kusimamisha moyo. Usiibebe kwenye bomba lililojazwa mfukoni, kamwe.

Na mzoga. Mnyama aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au nyuma, mwili haukakamai: usimpasue. Ni kimeta mpaka maabara iseme vinginevyo. Zuia watu na mbwa, waombe wanakijiji wasigawane nyama, mpigie afisa wa wilaya na mwenyekiti wa kijiji (LC1). Watu watakasirika, maana ng'ombe mzima ni mali. Zungumza na mzee wa boma kwanza, pembeni, kwa heshima, kabla ya kuzungumza na kundi.

Mafunzo kazini

Usingoje chuo kikupangie. Andika barua mapema kwa ofisi ya mifugo ya wilaya ukaombe kupelekwa kwenye kata yenye kampeni ya chanjo. Siku mbili za kampeni zitakupa wanyama wengi kuliko muhula mzima wa chuo. Omba pia wiki mbili machinjioni. Hakuna darasa la anatomia linaloshinda mahali ambapo maini ishirini yanapita mbele yako asubuhi moja na unaona lipi lina minyoo bapa, mapafu yapi yana uvimbe, na ulimi upi wa nguruwe una punje nyeupe za tegu. Anayetaka wanyama wadogo atafute kliniki za Kampala na Entebbe, ila ajue nafasi ni chache na wateja wanadai sana.

Chagua eneo kwa kuzingatia lugha pia. Kiswahili kitakufaa kwenye minada, kwa wafanyabiashara wa mifugo wanaovuka mipaka, na Nakivale au Kyangwali ambako wakimbizi wengi kutoka Kongo wanakitumia. Lakini Kiruhura mfugaji ataeleza ugonjwa wa ng'ombe wake kwa Kinyankore, Soroti kwa Kiteso. Jifunze maneno ya dalili kwa lugha ya eneo: anakohoa, hali, anaharisha, amekauka maziwa.

Kuanza kazi

Ajira za serikali hutangazwa na kamisheni za utumishi za wilaya. Nyingine ziko kwenye vyama vya ushirika vya maziwa, mashamba ya kuku ya Wakiso na Mukono, miradi ya mashirika, na maduka ya dawa za mifugo. Ukitaka kufungua duka lako, leseni hutoka Mamlaka ya Taifa ya Dawa (NDA), ambayo husimamia dawa za watu na za mifugo pia. Watakagua jengo, uhifadhi na sifa za anayehudumia. Usiweke dawa dirishani juani, na usiuze kwenye chupa za maji.

Anayejiajiri kwa kutembelea wafugaji atoze kwa uwazi: kutembelea, huduma, na dawa, kila kimoja bei yake kwenye risiti. Fundi anayeficha ada yake ndani ya bei ya dawa hujikuta analazimika kuchoma sindano hata pale ambapo mnyama alihitaji maji na kivuli tu. Weka daftari la kila mnyama: tarehe, mmiliki, alama ya mnyama, joto, ulichokiona, dawa, namba ya toleo la chupa, mililita, mahali ulipochoma, tarehe ya kuruhusu maziwa. Chanjo ikishindwa au mnyama akifa, ni namba ya toleo itakayoonesha kama tatizo ni dawa au ni ugonjwa. Na siku ukiomba nafasi ya shahada kwa kutumia diploma yako, au ukihojiwa kwa ajira ya wilaya, beba daftari hilo pamoja na vyeti.